Vyumba Viwili Nyuma ya Nyumba ya Ibu

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu si mzuri na tahajia yangu ina makosa, maana shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo lugha nimejifunza kwa masikio kuliko kwa daftari. Ninaandika polepole. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima hapa mezani jikoni, na mama akipita nyuma yangu huuliza kama ninaandika au ninashona. Utakapokuta neno limekaa vibaya, lisogeze kidogo upite.

Ninataka kueleza habari za vyumba viwili. Haviko hapa Brussels. Viko Bogor, mji wa Indonesia, ndani ya kichochoro chembamba sana: pikipiki ikipita, unabana mgongo ukutani na kuvuta tumbo ndani. Nilikaa humo miaka sita, mimi na mama. Vyumba vile vilikuwa vyetu, ingawa jina letu haliko kwenye hati yoyote ya serikali.

Watu wa kanisani wakiniuliza ninatoka wapi, ninajibu Bukavu, kule Kongo, na si uongo. Nilizaliwa Bukavu. Lakini nikipata homa, nikifumba macho, miguu yangu inarudi yenyewe kwenye kile kichochoro.

Papa alitangulia Ubelgiji nilipokuwa mdogo. Baadaye mama na mimi tulitoka kumfuata, na mtu aliyelipwa kutufikisha akatupeleka upande mwingine kabisa wa dunia. Alisema kutoka Indonesia njia ni fupi. Siku ya tatu akatuacha kwenye nyumba ya wageni, akasema anakwenda kununua vocha ya simu. Mpaka leo ananunua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Mwanamke mmoja mjane alitupangishia chumba. Tulimwita Ibu. Kule kila mwanamke mzima anaitwa hivyo, kama sisi tunavyosema maman. Yeye aliniita Neng, yaani binti. Kazi yake ilikuwa kuuza wali uliobanwa na kuchemshwa ndani ya majani ya mgomba. Asubuhi ya pili mama alimkuta ameketi chini mbele ya rundo la majani. Hakuambiwa kitu. Aliketi, akachukua jani, akalipitisha juu ya moto mpaka likalainika, akakunja na kufunga. Ibu akaitazama ile mikono. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, lakini mama alifunga chikwange, ile mikate ya muhogo ya kwetu, tangu utotoni, na jani ni jani. Toka siku hiyo walifunga pamoja kila asubuhi.

Mimi nilichelewa kusema. Nina aibu tangu nizaliwe. Hata Bukavu, mwalimu akiniuliza jibu nilikuwa ninalijua na kulimeza. Pale kichochoroni nilisikiliza karibu mwaka mzima. Siku moja mtoto wa jirani alitaka kukanyaga kifaranga, nikamwambia kwa lugha yao, sentensi nzima, ainue mguu. Watoto wote wakapiga kelele: "Neng amefufuka!" Kutoka hapo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama, ambaye lugha ile hakuishika zaidi ya salamu na bei.

Mama naye alikuwa na vituko vyake. Sisi tunaomba kwa sauti. Ijumaa ya kwanza mama aliomba kwa saa nzima, analia, anapiga makofi, anamkemea Shetani kwa majina yake yote. Nilipofungua mlango nilimkuta Ibu amesimama na bakuli la maji ya moto yenye mchaichai, na nyuma yake wanawake wanne. Walidhani mama anaumwa tumbo. Mama akayanywa yale maji yote, akashukuru, akaniambia, "Shetani amekimbia, lakini mchaichai nayo imesaidia."

Mara moja kwa mwezi, Jumapili asubuhi, kichochoro kizima kilitoka na mafagio na makoleo kuzibua mfereji. Mama alipoona aliruka. "Ni salongo!" akasema, yaani ile kazi ya pamoja ya mtaa wetu Bukavu. "Kumbe salongo ilifika mpaka huku!" Alichukua koleo, akaingia mfereji mpaka magotini. Mkuu wa kichochoro, ambaye kwetu tungemwita shefu wa avenue, alimwambia wageni si lazima. Mama akanituma nimjibu: maji machafu hayaulizi mgeni ni nani. Siku hiyo walianza kumwita Mama Kongo.

Sasa nifike kwenye vyumba. Nyuma ya nyumba ya Ibu kulikuwa na uwanja mdogo, kamba ya nguo na banda la kuku lisilo na kuku. Wasichana wa chuo kikuu walikuwa wakipita kuuliza chumba cha kupanga, na Ibu alikuwa hana. Yeye alikuwa na ardhi, hakuwa na pesa. Mama alikuwa na pesa kidogo, aliyoiweka pembeni kwa miaka mitatu kutoka kwenye ile papa aliyotutumia, lakini mgeni kule haandikwi kwenye hati ya ardhi. Basi wawili hawa, mbele ya shefu wa kichochoro, walikubaliana hivi: mama ajenge vyumba viwili, kimoja tukae bila kulipa, kingine kipangishwe na kodi igawanywe nusu kwa nusu. Siku tukiondoka, nusu ya vyumba vyote viwili ibaki yetu, kuta zikiwa bado zimesimama. Karatasi ilikuwa moja tu, sahihi tatu na stempu. Mama aliifunga kwenye nailoni, akaiweka katikati ya Biblia.

Tulijenga miezi minne, maana Bogor mvua inanyesha karibu kila siku, na saruji ilikuwa ikikauka kwa huruma ya Mungu. Mimi nilibeba matofali mawilimawili. Ninajua ni tofali gani chini ya dirisha lina alama ya kidole changu gumba, kwa sababu nililigusa likiwa bado na saruji mbichi na fundi akanigombeza.

Vyumba vilipomalizika, mama alipanda mti mlangoni. Ni ule mti wa maua meupe yenye moyo wa njano, ukivunja tawi unatoa maziwa. Bukavu, kwenye ua wa masista waliomfundisha mama kushona, ulikuwa umejaa huo. Kwa mama, nyumba yenye ule mti mlangoni ni nyumba ya watu wenye heshima. Alikata tawi barabarani, akalichomeka, likashika, na kabla mwaka haujaisha likatoa maua.

Nilianza kuona kwamba kila asubuhi Ibu aliamka mapema kuliko zamani. Alikuja na fagio la njiti mpaka mlangoni kwetu, akafagia maua yaliyoanguka, yote, hata yale yaliyoruka kwenye mfereji, akayatia kwenye ndoo na kuyafunika. Mama alifurahi. "Angalia huyu mama anavyotupenda," alisema. Wapangaji hawakuja. Msichana wa kwanza alifika mlangoni, akatazama mti, akakumbuka ghafla kwamba ana shangazi mjini. Wa pili vilevile.

Mtoto yule wa kifaranga ndiye aliyeniambia. Kule, mti ule unapandwa makaburini. Mtu hauweki mlangoni pake. Tulikuwa tumepanda kaburi mbele ya nyumba, na miezi yote ile Ibu alikuwa akifagia ili watu wasione maua, na hakutuambia hata nusu neno, asije akamwaibisha mama.

Nilipomweleza mama, alikaa chini kwenye kizingiti. Kisha akacheka mpaka machozi. Akaenda kwa Ibu na panga mkononi. Ibu alilitazama lile panga, akatikisa kichwa, akasema mti haujakosa kitu. Tuliung'oa pamoja na mizizi, tukauhamishia nyuma ya vyumba, upande ambao haupiti mtu. Mwezi uliofuata tukapata mpangaji.

Nimeeleza habari za mti kwa urefu kwa sababu hapo ndipo nilipomjua Ibu. Jambo gumu hasemi. Analifagia.

Karatasi za sisi kuja kwa papa zilipotoka, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilidhani nitafurahi. Asubuhi ya safari Ibu alifunga wali kwenye majani, mafundo kumi na mawili, akaniwekea kwenye mfuko wa safari. Pale uwanja wa ndege walituambia tule au tutupe. Tulikula mama na mimi, tumesimama, fundo baada ya fundo, mpaka tukashindwa kumeza.

Sasa tunakaa hapa Brussels, mtaa wa Saint-Josse, orofa ya tatu, juu ya duka la masanduku ya safari. Mama anafanya usafi kwenye nyumba za watu. Papa anapanga mizigo kwenye ghala. Mimi ninasoma Kifaransa asubuhi na kumsaidia mama mchana. Papa ni mtu mwema. Lakini tulipofika tulikuwa watu watatu wasiojuana vizuri. Alikuwa akinikumbuka nikiwa mtoto wa kubebwa, na mimi nilikuwa nimemjua kama sauti ya simu. Mama na mimi tukicheka kitu cha Bogor, yeye alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeketi kwenye karamu ya wengine.

Habari za vyumba alikuwa hazijui. Mama alimficha miaka yote. Alikuja kumwambia jioni moja ya mwaka wa pili, akimpakulia bugali.

"Unasema nini?" papa akauliza. "Ulijenga? Na ile pesa ya kula?"

"Tulikula. Na tulijenga."

"Kwa jina ya nani?"

"Ya yule mama."

Papa akaweka tonge chini. "Donc tuko na nyumba Indonesia, yenye si yetu, kwa muntu mwenye mimi sijue."

"Nusu ya nyumba," mama akasema.

"Ah bon. Nusu."

Ile nusu haikutuletea kitu mfukoni. Kodi yetu Ibu aliitia kwenye paa na bomba, na kila mara alituma picha: hii ni bati mpya, hii ni rangi mpya ya dirisha. Mimi nilizikuza zile picha kwa vidole viwili kutafuta tofali langu.

Mwaka huu ndugu mmoja wa papa alimwambia kuna kiwanja kinauzwa Bukavu, kwenye kilima, karibu na pale papa alipokulia. Papa akawa anatembea na vipimo vya kile kiwanja, vimechorwa kwenye karatasi, ndani ya mfuko wa shati. Alivitoa kila jioni, akavitandaza mezani, akatuonyesha mlango utakuwa wapi. Ili akipate, alitaka ile nusu ya Bogor iuzwe.

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alinipa simu nimwandikie Ibu ujumbe mfupi, kwamba baba wa mtoto anafikiria habari za sehemu yetu. Na mimi nilinyamaza, kama kawaida yangu. Lakini sikulala vizuri. Mimi niliona hivi: vile vyumba vikiuzwa, hakutakuwa na mahali popote duniani ambapo mtu anaweza kufungua mlango akasema, Neng alikaa hapa.

Jumapili iliyofuata tulipiga simu baada ya ibada. Kwetu saa saba mchana, kwao jua lilikuwa limeshazama. Papa aliegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, akaniita niketi katikati.

"Umuambie tunashukuru sana," alisema. "Bon. Kisha umuambie tunataka part yetu. Atununue, ama atafute muntu wa kutununua."

"Papa, kule hawasemake vile."

"Basi sema namna yao. Lakini aelewe."

Nilisema namna yao. Niliuliza kwanza afya, nikauliza mvua, nikauliza goti lake, kisha nikasogeza lile neno taratibu. Ibu alikuwa ameketi nje, kwenye benchi lake, chini ya taa. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, Neng," alisema. "Ni haki yenu. Baada ya mvua kuisha nitatafuta njia."

"Anasema nini?" papa akauliza.

"Anasema ndiyo. Baada ya mvua."

Papa akacheka. "Mvua ya Bogor? Si munaniambiaka ile mvua haiishake?"

"Inapumuzika kidogo mwezi wa saba," mama akasema.

"Anatuzungusha. Ile ndiyo naijua mimi. Ata ku bureau ya commune wananipatiaka ndiyo ya vile."

Hapo ndipo nilipoona ukuta. Nyuma ya bega la Ibu, kwenye ukuta wa pembeni, kulikuwa na rangi nyekundu: namba kubwa na mshale. Haikuwepo kwenye picha yoyote. Ibu akaona macho yangu yamekwenda wapi. Akaugeuza kidogo mkono ulioshika simu, ukuta ukatoka kwenye picha, ukabaki uso wake na pazia la dirisha.

Ulikuwa mwendo mdogo tu wa mkono. Lakini niliujua. Ulikuwa mwendo wa fagio.

"Ibu," nikasema, "siku hizi nani anafagia maua?"

Hakuna aliyenituma niseme hivyo. Papa akageuka. "Unamuambia nini?" Ibu akacheka kidogo, akajipangusa jicho kwa ncha ya mtandio.

"Macho yako hayajazeeka, Neng," alisema.

Ndipo akaniambia. Kuna mtu wa nyumba kubwa zenye geti, mwisho wa kichochoro, anayetaka kupanua njia ili magari yapite. Ananunua nyumba moja baada ya nyingine. Anayekubali kupimiwa anawekewa namba nyekundu. Ibu alikuwa amemkatalia tangu mwaka jana. Lakini baada ya ujumbe wa mama alimwita mwenyewe, aje apime. Hakuwa na njia nyingine ya kutupa nusu yetu. Yeye angekwenda kwa dada yake kijijini. Ile nusu ni amana, alisema, na hataki kufa na amana ya mgeni mkononi.

"Usimwambie mama yako," akamaliza.

Mama na papa walikuwa wananitazama, mmoja kila upande. Katika siku ya kawaida mimi nasema labda sentensi kumi, na tano ni za kuomba chumvi. Niliogopa. Ningeweza kusema tu, anawasalimu. Na niliogopa pia kwamba nikisema yote, papa atajibu, vizuri, basi auze. Kisha nikasema yote, kwa mpango wake, rangi, geti, dada wa kijijini. Nikaeleza na habari za mti, ambazo papa alikuwa hajawahi kuzisikia. Sauti yangu ilikatika mara mbili na hakuna aliyenisaidia, na afadhali, maana wangenisaidia ningenyamaza.

"Donc anauzisha nyumba yake juu ya kutulipa," papa akasema.

"Ndiyo, papa."

"Na hakusema."

"Hangesema."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Papa alimwangalia Ibu kwenye simu, na Ibu akamwangalia yeye. Wote wawili wakainamisha vichwa kidogo, kama watu waliokutana mlangoni. Papa akaniambia nimuage na kumwambia asifanye lolote kwanza. Wiki nzima vile vipimo vya Bukavu havikutandazwa mezani.

Jumamosi tulikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo, yeye na mimi, kununua unga na sambaza, wale samaki wadogo wa kwetu. Tulishuka metro Porte de Namur, tukaingia barabara ya Chaussée de Wavre. Kulikuwa na manyunyu. Papa alitembea mbele kidogo, mikono nyuma. Mara akasema bila kugeuka:

"Mimi sina ata photo moja yenye niko ndani ya ile nyumba."

Niliongeza hatua nimfikie.

"Miaka sita," akasema. "Mulicheka, mulijenga, mulipanda kaburi mulangoni. Mimi nilikuwa huku peke yangu, nalipa. Ile parcelle ya Bukavu, si kiburi. Nilitaka nyumba moja yenye tunaingia wote watatu siku moja."

Tulikuwa tumefika kwenye duka la vitenge. Nilishika mkono wa koti lake. "Papa," nikasema, "hapa ndipo kichochoro kinaanza."

"Wapi?"

"Hapa. Unainama kidogo, kuna waya za umeme chini."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kama nina homa. Kisha akainama.

Nikampitisha. Pale kwenye saluni ya nywele nikamwambia ni kwa shefu wa kichochoro, ana ndege kwenye tundu, kila asubuhi anamtoa nje na kumpigia mluzi, na ndege hajibu. Pale wanapotuma pesa ni msikiti, na mbele yake kuna benchi la wazee, lazima uwasalimie mmoja mmoja. Papa akasalimia mlango wa kioo. Mbele kidogo mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda, anauza safu, yale matunda ya zambarau ya kwetu, kwenye beseni.

"Na hapa kwa maman wa safu?" papa akauliza.

"Hapo ni mfereji, papa. Uruke."

Papa ana miaka hamsini na kitu na viatu vya kazini vyenye chuma. Akaruka. Yule mwanamke akashika beseni lake.

"Eh, papa! Likambo nini? Kuna nini?"

"Naruka mufereji ya Indonesia, maman."

"Basi ukiruka tena, lipa safu zangu kwanza!"

Tulicheka wote watatu, yule mwanamke kuliko sisi. Tuliendelea mpaka kwenye kona, nikamwambia tumefika, hapa ni benchi la Ibu, na vyumba viko nyuma. Papa alisimama mbele ya ukuta wa nyumba ya watu, mvua ikimdondokea masikioni.

"Na mimi ningelala fasi gani?" akauliza.

"Upande wa dirisha. Mama hapendake mbu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Tukaenda tukanunua sambaza.

Jioni ile alivitoa vile vipimo vya Bukavu, akavikunja mara mbili, akafungua Biblia ya mama, akaviweka pamoja na ile karatasi ya nailoni. "Umuambie afute ile rangi," aliniambia. "Nyumba ikae."

"Na kiwanja cha Bukavu?" mama akauliza.

"Mwengine atakikamata." Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini alikula kidogo.

Wiki iliyofuata alivaa suti ya kanisani, akaenda kupiga picha. Aliniomba niandike barua ya karatasi, si ujumbe wa simu, na picha iingie ndani. Niliandika kwa lugha ya Ibu, jioni nne, na hiyo ndiyo barua ya kwanza ndefu niliyowahi kuandika. Ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuandika hii.

Jibu lilichukua wiki saba. Nililikuta kwenye sanduku la barua chini, jina langu juu ya bahasha. Ibu anasema rangi nyekundu aliipaka chokaa, lakini mvua ikipiga inaonekana kidogo. Yule mtu wa geti bado anakuja, anakunywa chai, anauliza, na yeye anamjibu kwamba ni baada ya mvua. Picha ya papa ameitundika kwenye chumba chetu, upande wa dirisha. Msichana anayepanga humo aliuliza huyu bwana mwenye suti ni nani. Ibu akamwambia ni mwenye nyumba, hajafika bado.

Papa alinifanya niisome hiyo sehemu mara tatu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na ua moja, limekauka, jeupe lililogeuka rangi ya chai. Hili hakulifagia. Nimeliweka kwenye kamusi yangu ya Kifaransa, na ukurasa huo sasa siwezi kuufungua bila kukaa kidogo.

Sijui kama tutarudi. Nauli ni kubwa, na viza ina maswali mengi. Asubuhi nikienda metro Madou bado ninavuta tumbo ndani nikisikia pikipiki, ingawa njia ya huku inatosha malori mawili.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, kama una chumba mahali fulani ambacho wewe hulali ndani yake, niandikie. Niambie mlango wake uko upande gani, na nani anaufungua siku hizi. Usiogope mwandiko. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika, na nitakujibu, hata ikinichukua jioni nne.